Mchujo: mlango mwembamba wa kuufikia mkanda wa dunia

Na Mwandishi Wetu, London

Chukua bango lolote la usiku mkubwa wa ndondi. Juu kabisa yapo majina mawili kwa herufi za kutoona aibu. Chini yake yamepangwa majina mengine, nane au kumi, na pembeni ya baadhi ya majina hayo yameandikwa maneno machache kwa herufi ndogo: pambano la mchujo la IBF, au mchujo wa mwisho wa WBC. Watazamaji wengi huyapita maneno hayo kama mtu anavyopita maandishi madogo ya mkataba wa simu. Hapo ndipo wanapokosea, maana mara nyingi mambo mazito ya usiku huo yamo kwenye hayo maandishi madogo.

Tangu mapambano makubwa yaanze kuhamia Riyadh na Jeddah, ndugu zetu walioko Ghuba wanayaona kwa saa za kwao, na walioko nyumbani vilevile. Mabango yamezidi kuwa marefu na mapambano ya mchujo yamezidi kuwa mengi. Kwa hiyo si vibaya tukaeleza kinachogombewa hasa pale bingwa anapokuwa hayumo ulingoni.

Tuanze na hesabu ndogo. Ngumi za kulipwa hazina chama kimoja cha dunia kama mpira wa miguu ulivyo na FIFA. Zina vyama vinne vinavyotambuliwa na wengi: WBA, WBC ulioanzishwa Mexico mwaka 1963, IBF wa mwaka 1983 na WBO wa mwaka 1988. Kila kimoja kina mkanda wake katika kila daraja la uzito, na madaraja ni 17 au zaidi kidogo. Mikanda inapindukia 60. Ungedhani kwa wingi huo kila bondia mzuri angepata zamu yake. Sivyo. Bingwa hupigana mara mbili kwa mwaka, pengine mara moja, na kila promota anataka mpinzani atakayejaza ukumbi, si mpinzani atakayeleta maumivu ya kichwa. Bondia hatari asiye na jina anaweza kuzeeka akiwa kwenye foleni.

Mchujo uliwekwa ili kuitibu dosari hiyo. Chama kinawaita mabondia wawili walio juu katika orodha yake, wanapigana, na mshindi anakuwa mpinzani wa lazima. Bingwa anatakiwa akutane naye ndani ya muda uliowekwa, la sivyo ananyang'anywa mkanda. IBF ndio wakali zaidi kwa jambo hili. Katika orodha yao nafasi ya 1 na ya 2 mara nyingi utazikuta tupu, kwa sababu hazitolewi kwa sifa. Ni lazima uzipiganie katika mchujo. Na bingwa wao anatakiwa amkabili mpinzani wa lazima kila baada ya miezi 9. Pande mbili zikishindwa kuafikiana kuhusu fedha, chama huitisha zabuni: promota anayetaja kitita kikubwa zaidi ndiye anayeandaa pambano, na kitita hicho hugawanywa kwa asilimia zilizopangwa.

Hayo ndiyo yaliyomo katika karatasi. Uwanjani mambo yana sura nyingine.

Mfano ambao ningependa kila msomaji aujue ni wa mwaka 2015. Machi 14 mwaka huo mjini Montreal, Vyacheslav Glazkov wa Ukraine alipigana na Steve Cunningham wa Marekani katika mchujo wa IBF wa uzito wa juu. Glazkov alipewa ushindi kwa pointi, na wengi waliotazama waliona Cunningham ndiye aliyeshinda. Pambano lenyewe halikuwa hata kuu la usiku ule; watu walikwenda kumwona Sergey Kovalev na Jean Pascal. Miezi minane baadaye, Novemba 28, Tyson Fury alikwenda Düsseldorf akamvua Wladimir Klitschko mikanda aliyokuwa ameishikilia kwa miaka mingi. Dunia nzima ya ndondi ilitetemeka. Lakini mkataba wa Fury ulimtaka arudiane na Klitschko, na IBF wakasema zamu ni ya Glazkov. Mapema Desemba, hata wino wa magazeti haujakauka, Fury alinyang'anywa mkanda wa IBF bila kupigwa ngumi.

Ukawekwa wazi. Januari 16, 2016 Glazkov akaugombea mjini Brooklyn dhidi ya Charles Martin wa Marekani. Raundi ya 3 goti lake likageuka, akaanguka, pambano likaisha. Glazkov hakurudi tena ulingoni. Martin akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kwa sababu ya goti la mtu mwingine, akaja London Aprili 9, akapigwa na Anthony Joshua katika raundi ya 2. Joshua akavaa mkanda wake wa kwanza. Kwa hiyo ukiuliza umaarufu na utajiri wa Joshua ulianzia wapi, jibu mojawapo ni meza ya majaji watatu mjini Montreal, katika pambano ambalo waliokuwa ukumbini wengi walilitumia kwenda kununua soda.

Ndiyo maana nasema maandishi madogo yasomwe.

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi na ni wa hapa London. Oktoba 31, 1992, katika ukumbi wa Earls Court, Lennox Lewis alimwangusha Razor Ruddock mara tatu akammaliza raundi ya 2. Ulikuwa mchujo wa WBC: mshindi angekutana na atakayetoka kati ya Evander Holyfield na Riddick Bowe. Akatoka Bowe. Na Bowe, pamoja na meneja wake, hawakutaka kabisa habari za Lewis. Desemba mwaka ule Bowe alikuja London, akaita waandishi, akautumbukiza mkanda wa WBC katika pipa la takataka. WBC wakamtangaza Lewis kuwa bingwa. Uingereza ikapata bingwa wake wa kwanza wa uzito wa juu katika karne ile, kwa njia ya mchujo na pipa la taka.

Mchezo huu wa kuchuja una historia ndefu. Mwaka 1967 Muhammad Ali alipokataa kwenda jeshini akavuliwa ubingwa, WBA waliandaa mashindano ya watu wanane kumpata mrithi. Joe Frazier alikataa kuingia, akaenda njia yake ya New York. Aliyeshinda ni Jimmy Ellis, rafiki wa Ali kutoka Louisville na mtu aliyezoea kumpigia mazoezi, kwa kumshinda Jerry Quarry katika fainali Aprili 1968. Ellis alikuwa na mkanda halali na mchujo halali, lakini Frazier alipomkabili Februari 1970 alimaliza ubishi wote kabla ya raundi ya tano kuanza.

Sasa tugeukie kwetu. Bondia wa Afrika anapoingia katika hesabu hizi, mara nyingi huwa upande wa pili wa bango, upande wa mgeni.

Kassim Ouma wa Uganda alitekwa akiwa mtoto mdogo wa shule akaingizwa katika jeshi la waasi la NRA, lile lililoingia Kampala Januari 1986. Jeshini alijifunza ngumi. Mwaka 1998 akapata viza ya kwenda Marekani kwa mashindano ya ngumi ya wanajeshi, na hakurudi. Alianza maisha bila Kiingereza cha kutosha na bila pesa, mwaka 2002 alipigwa risasi huko Florida akapona, kisha akaendelea kupanda ngazi. Januari 2004 alimshinda Juan Carlos Candelo wa Colombia, na Oktoba 2 mwaka huohuo, Las Vegas, alimshinda Verno Phillips kwa pointi akawa bingwa wa IBF wa super welter. Askari aliyetoroka, bingwa wa dunia. Mkanda aliupoteza Julai 2005 kwa Mrusi Roman Karmazin. Aliyetaka kujua bei ya safari ile aitazame filamu ya Kief Davidson ya mwaka 2008, inayoonyesha alivyosubiri ruhusa ya serikali ili arudi tu kuzuru kaburi la baba yake. Baadhi yetu tunaoandika kutoka ugenini tumeitazama filamu hiyo kimya, bila kuhitaji tafsiri.

Watanzania wa Marekani wa wakati ule hawajamsahau Rogers Mtagwa. Alikuwa anaishi Philadelphia, mji ambao mazoezi yake tu ni mapambano. Rekodi yake haikuwa ya kuringia; alikuwa na vipigo vyake, na ndiyo sababu aliitwa. Oktoba 10, 2009, New York, aliwekwa mbele ya Juan Manuel López wa Puerto Rico, bingwa wa WBO wa super bantam ambaye hajawahi kupoteza na ambaye waandaaji walikuwa na mipango mikubwa juu yake. Mtagwa aliangushwa mapema, akaamka, akaendelea kusonga mbele, na raundi ya 12 López alikuwa anayumba kama mtu aliyeshuka kwenye mashua. Kengele ndiyo iliyomwokoa. Pointi zikampa López. Miezi mitatu baadaye, Januari 2010, Mtagwa akarudishwa New York kupigana na Yuriorkis Gamboa, na safari hii ilikuwa raundi 2 tu.

Najua wapo wanaosema alipewa nafasi mbili za ubingwa, angetaka nini zaidi? Nafikiri wanakosea. Nafasi ya kweli ni ile unayopewa ukiwa na muda wa kujiandaa na mwili uliopumzika. Miezi mitatu baada ya raundi 12 kama zile si mapumziko.

Jambo hilohilo tuliliona upya Februari 2025 mjini Riyadh. Daniel Dubois alipangwa kutetea mkanda wake wa IBF dhidi ya Joseph Parker wa New Zealand. Siku mbili kabla, Dubois akaugua. Simu ikapigwa kwa Martin Bakole, Mkongo mzaliwa wa Kananga anayefanyia kazi yake Scotland. Miezi sita kabla ya hapo Bakole alikuwa amemvunja Jared Anderson huko Los Angeles katika raundi ya 5, na watu walianza kusema kuwa mabingwa wanamkwepa. Alikuwa hayumo mazoezini, yuko kwao Kongo. Akapanda ndege. Uzito wake ulikuwa ratili 315, karibu kilo 143. Parker alimmaliza raundi ya 2. Usiku mmoja ukafuta kazi ya miaka, ijapokuwa lazima tukiri malipo ya usiku ule huenda hayakuwa ya kukataa, na mtu mwenye jamaa wengi nyuma yake hawezi kuhukumiwa kirahisi na sisi tuliokaa kwenye makochi.

Kaka yake Bakole, Ilunga Makabu, alipita njia iliyonyooka zaidi. Mwaka 2016 aligombea mkanda wa WBC wa cruiser uliokuwa wazi, akapigwa na Tony Bellew katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool. Akaanza upya. Mwaka 2019 alikwenda Urusi mara mbili, Juni akamsimamisha Dmitry Kudryashov na Agosti akamshinda Aleksei Papin kwao Ekaterinburg. Mgeni anayeshinda Urusi kwa pointi hahitaji barua ya utambulisho. Januari 31, 2020 mkanda uleule, ukiwa wazi tena, aliugombea nyumbani Kinshasa dhidi ya Michał Cieślak wa Poland, akaupata. Mji uliompokea Ali na Foreman mwaka 1974 ukamvika mwanawe taji. Aliushika mpaka Februari 2023, Badou Jack alipomvua huko Saudia katika raundi ya 12.

Kuna kisa kingine kinachofaa kutajwa kwa sababu kinaonyesha jinsi ngazi inavyofanya kazi kwa aliyeshinda na aliyeshindwa. Desemba 2021 mjini Manchester, Bruno Tarimo, Mtanzania aliyehamia Australia, alipigana na Zelfa Barrett, kijana wa mji huohuo. Tarimo alisukuma mbele usiku kucha, Barrett akashinda kwa pointi. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, Barrett alikuwa Abu Dhabi akigombea mkanda wa IBF uliokuwa wazi dhidi ya Shavkatdzhon Rakhimov. Alipigwa, lakini alifika. Ukitaka kujua Tarimo alipoteza nini Manchester, ni ile tiketi ya Abu Dhabi.

Je, mshindi wa mchujo hupata haki yake kila mara? Muulize Dillian Whyte. Alikuwa namba 1 wa WBC tangu mwishoni mwa 2017 akaambiwa asubiri. Akasubiri zaidi ya siku 1,000, na kila mara palikuwa na sababu: bingwa anarudiana, kesi haijaisha, mkataba mwingine umetiwa saini. Kwa kuwa mwanadamu lazima ale, Whyte aliendelea kupigana akiwa katika foleni, na Agosti 2020 akapigwa KO na Alexander Povetkin katika raundi ya 5, raundi moja tu baada ya yeye mwenyewe kumwangusha Povetkin mara mbili. Ikabidi arudiane naye Gibraltar mwaka uliofuata ili airudishe nafasi yake. Zabuni ya pambano lake na Fury ilipofunguliwa Januari 2022, promota Frank Warren alitaja dola 41,025,000. WBC waligawa asilimia 80 kwa bingwa na 20 kwa Whyte, baada ya kutenga sehemu ya mshindi. Hiyo 20 ilimletea dola zaidi ya milioni 7. Aprili 23, 2022, mbele ya watu 94,000 Wembley, alisimamishwa raundi ya 6. Miaka ya kusubiri, dakika zisizofika 18 za kupigana.

Na orodha zenyewe zinapangwaje? Hapa napenda msomaji awe na shaka kidogo. Mwaka 1999 mwanzilishi na rais wa IBF, Robert Lee, alishtakiwa Marekani katika kesi iliyohusu fedha zilizotolewa na mapromota ili mabondia wao wapandishwe. Mahakama ilimwondolea mashtaka mengi ikamtia hatiani kwa machache, akafungwa. Mwaka 2000 Marekani ikapitisha sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali, inayovitaka vyama viweke wazi namna vinavyopanga orodha. Na kama mtu alidhani ni IBF tu, mwanzoni mwa 2001 iligundulika kuwa WBO walikuwa wamempandisha Darrin Morris katika orodha ya super middle mara mbili, hadi namba 5. Morris alikuwa amefariki Oktoba 2000. Maiti ilikuwa inapanda ngazi kuliko vijana wetu wengi walio hai.

Mambo yamekuwa bora kidogo tangu hapo, lakini badala yake imeongezeka mikanda ya kati: ya muda, ya fedha, ya mabara. Oktoba 2025 Parker, akiwa na mkanda wa muda wa WBO na akingoja zamu yake kwa Oleksandr Usyk, aliamua kutokaa bure akapigana na Fabio Wardley hapa London. Wardley alimsimamisha raundi ya 11. Mwezi uliofuata Usyk aliuacha mkanda wa WBO, na Wardley akatangazwa bingwa kamili bila kumgusa Usyk hata kwa kidole.

Kwa msomaji anayejiandaa kutazama usiku wenye mapambano ya mchujo, angalia kwanza kama imeandikwa "mchujo" au "mchujo wa mwisho". Wa kwanza unakusogeza tu. Wa mwisho ndio unaokupa haki ya kumdai bingwa. Angalia kupima uzito siku ya kabla: bondia aliyekauka midomo na mashavu kuingia ndani huwa amebakiza raundi 6 tu mwilini, hata akiringa vipi mbele ya kamera. Uliza mgeni alipigiwa simu lini. Uliza promota wa usiku ni wa kona ipi. Na mkiona mabondia wawili wanaviziana raundi nne za mwanzo, msizomee haraka. Anayepoteza mchujo hurudi nyuma miaka miwili, na wote wawili wanalijua hilo.

La saa pia ni muhimu. Riyadh iko saa moja na Dar es Salaam na Nairobi. Muscat iko mbele kwa saa moja, London nyuma kwa saa mbili kipindi cha joto na tatu kipindi cha baridi. Mapambano ya Las Vegas na New York huangukia alfajiri au asubuhi kwa walioko nyumbani. Lakini msingoje pambano kuu ndipo mfungue televisheni. Septemba 8, 2018 mjini Birmingham, watu walikuja kumwona Amir Khan. Mapema usiku ule Hassan Mwakinyo wa Tanga, ambaye hakuna aliyemtazamia, alimsimamisha Sam Eggington, bingwa wa zamani wa Ulaya, katika raundi ya 2. Watanzania wengi wa Uingereza walikuwa bado wako njiani.